Msomaji wa Pili: Watu Wazima na Riwaya za Vijana



Nimepewa mada inayouliza kwa nini mtu mzima, mwenye kazi, watoto na madeni, afurahie riwaya iliyoandikiwa kijana wa miaka 15, na kwa nini sisi tuliouacha umri huo zamani bado tunapenda kuiandika. Nitajibu kwa kuegemea zaidi vitabu ambavyo wengi humu ndani mnavijua. Ninaloamini ni kwamba mtu mzima huifurahia riwaya ya vijana pale ilipoandikwa kwa ajili ya kijana hasa. Mwandishi akianza kumwandikia mzazi, mwalimu au mtahini huku akijifanya anamwandikia kijana, anawapoteza wasomaji wote wawili.

Mwaka 2012 kampuni ya Bowker, iliyokuwa ikifuatilia soko la vitabu nchini Marekani, ilitoa matokeo yaliyowashangaza wachapishaji wenyewe. Asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vilivyokusudiwa wasomaji wa miaka 12 hadi 17 walikuwa watu wa miaka 18 na kuendelea. Wenye miaka 30 hadi 44 peke yao walibeba asilimia 28 ya mauzo. Ungedhani ni wazazi wanaowanunulia watoto, lakini walipoulizwa, mara nyingi walisema wanajinunulia wenyewe. Hizo zilikuwa zama za The Hunger Games.

Kwetu mlango ni mwingine. Wengi wetu tulikutana na riwaya ya Kiswahili darasani, ikiwa imeshakuwa kitabu teule, imeshakatwakatwa kuwa dhamira, wahusika, mandhari na tamathali za semi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukutajia dhamira tano za Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo kwa mpangilio mzuri kabisa, na asiwe amepata nafasi hata ya dakika moja kuwaonea uchungu Peter na Zita, waliofukuzwa shule kwa sababu ya ada na sare. Mtihani unapita, kitabu anapewa mdogo wake. Miaka inakwenda. Siku moja anakiona kwenye meza ya muuza vitabu vilivyotumika, kimechanika jalada, kina majina ya wanafunzi watatu yaliyofutwa kwa kalamu, na anakinunua. Anakisoma kwa mara ya kwanza bila kuulizwa chochote. Sasa anajua bei ya sare. Anajua mama anayepika chakula cha kuuza anaamka saa ngapi, na anajua kuwa hesabu ya siku hiyo haiwezi kutoa ada hata ikirudiwa mara mia. Kitabu hakijabadilika hata nukta. Aliyebadilika ni msomaji, na hii ndiyo raha ya kwanza ninayotaka tuitazame, kwa kuwa kwa msomaji wa Kiswahili ndiyo kubwa kuliko zote.

Chukueni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Mapema tu, baba yake Rosa, Zakaria, anaipata barua ya mvulana, na Rosa anapigwa. Ukiisoma sehemu hiyo ukiwa na miaka 16, wewe ni Rosa. Unaziona fimbo zikija upande wako. Ukiirudia ukiwa na miaka 40 bado wewe ni Rosa, lakini sasa unamwona pia Regina, mama yake. Na kama una binti, unamwona hata Zakaria, jambo linalotisha zaidi, kwa sababu unaitambua hofu yake kabla hujaichukia fimbo yake. Kezilahabi hakuweka mtu wa kukueleza haya. Alikuwa bado kijana mwenyewe, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na aliuacha ukurasa ujisemee. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda, kisha baadaye kikaingizwa kwenye mtaala. Kilichowatia hofu wakubwa wa wakati ule, yaani kusema wazi kinachomtokea msichana anayelindwa kwa fimbo siku mlinzi anapokuwa mbali, ndicho kinachowafanya wakubwa wa leo wakirudie.

Wapo wanaotulaumu. Mwaka 2014 mwandishi Ruth Graham aliandika katika jarida la Slate kwamba watu wazima wanaosoma vitabu vya vijana wangepaswa kuona haya, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba vitabu hivyo humaliza mambo kwa namna inayoridhisha mno, tofauti na maisha. Ni hoja inayostahili heshima. Inavipata vitabu vingi, vyetu vikiwemo. Lakini haimpati Kezilahabi, kwa maana Rosa haokolewi na mtu. Anayeirudia Rosa Mistika hatafuti faraja.

Raha ya pili imo katika kufanya jambo kwa mara ya kwanza. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda Kitale, ng'ambo ya mpaka, kumtafuta baba asiyemjua. Mama yake, mwimbaji wa taarabu, amekwisha kufariki. Mtu mzima mwenye shida hiyo angepiga hesabu ya nauli, angeomba ruhusa kazini, angeuliza kama huyo baba yu hai bado. Kijana anaondoka. Hadithi inapata mwendo kwa sababu shujaa wake hajajifunza bado sababu zote za kubaki nyumbani. Sisi wasomaji wazima tumezijifunza, tena nyingine tumezitunga wenyewe, na tunapomfuata Kongowea tunakumbuka jinsi uamuzi ulivyokuwa kabla ya mazoea. Vijana wa Kenya waliotahiniwa katika riwaya hiyo sasa ni watu wazima, na wengi wao wakitajiwa Walibora, aliyefariki Aprili 2020, watakutajia Kongowea kwanza.

Raha ya tatu nitaikalia kidogo, kwa sababu inahusu ufundi wetu. Kijana katika hadithi huambiwa nusu ya jambo. Wakubwa hunong'ona, hubadilisha mazungumzo anapoingia, humtuma dukani. Msomaji kijana anatafuta nusu iliyofichwa pamoja na shujaa. Msomaji mzima ameshaijua, kwa hiyo anasoma kwa hofu. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi mwaka 2022, inasimama juu ya jambo hili. Yusuf ana miaka 12. Anachukuliwa na tajiri Aziz ambaye amezoea kumwita ami, na hajui kuwa ametolewa kulipia deni la baba yake. Mkubwa anaelewa mapema kuliko Yusuf, na kila mtoto huyo anapolitamka lile neno "ami" kwa heshima, moyo unamwuma. Kitabu hicho hakikutolewa kama riwaya ya vijana, wala Vuta N'kuvute ya Adam Shafi haikutolewa hivyo, ingawa Yasmin anaozwa kwa Raza, mtu mzima, akiwa na miaka 15 tu. Lakini vinatumia nguvu ile ile.

Mipaka hii ya umri haijawahi kushika. H. Rider Haggard alikitabaruku kitabu chake cha mwaka 1885, ambacho vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki walikijua kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, kwa wavulana wakubwa kwa wadogo. Na sisi tulipokuwa shuleni, riwaya za Elvis Musiba zilizoandikiwa watu wazima zilikuwa zikisomwa chini ya dawati.

Sasa upande wa kuandika. Tuseme kweli: wengi wetu tunaandika riwaya za vijana kwa sababu shule ndiyo mnunuzi wa uhakika. Kitabu kikiteuliwa, mchapishaji anapumua. Hilo si kosa. Walibora aliteuliwa, Mbogo aliteuliwa, na kazi zao hazikuharibika. Hatari inaanza pale tunapoutazama uteuzi kabla ya kumtazama kijana. Katika miswada ninayoletewa kuihariri, kuna ugonjwa mmoja ninaoukuta tena na tena. Msichana yuko katikati ya shida, tumekaza mikono, na hapo anaingia mjomba mwenye busara. Anaketi. Anazungumza kurasa mbili juu ya ukimwi, juu ya elimu, juu ya marafiki wabaya. Msichana anainamisha kichwa na kusema ameelewa. Kuanzia hapo hadithi imekufa, na msomaji wa kwanza kulijua hilo ni kijana, ambaye amekuwa akisikia hotuba hiyo tangu darasa la tano. Wa pili ni mtu mzima, ambaye amekuwa akiitoa.

Mtaniuliza: je, mawaidha hayamo katika fasihi yetu tangu zamani? Yamo, na ninayapenda. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa nasaha kutoka mwanzo hadi mwisho, juu ya dini, adabu na ndoa. Mlengwa alikuwa msichana, lakini wanawake wazima wa Lamu na mwambao waliunakili na kuuhifadhi kwa moyo kwa vizazi. Wengi wetu leo tunabishana na baadhi ya nasaha zake kuhusu mume. Hata hivyo hatuuachi. Kinachotushika ni kwamba msemaji ni mama mgonjwa, anayejua kuwa muda wake ni mfupi na binti atabaki. Kila wosia una haraka ya mtu anayeaga. Mjomba wa miswada yetu hana chochote cha kupoteza. Mpeni cha kupoteza, kisha aseme atakavyo.

Naomba pia tupunguze kukimbizana na lugha ya mitaani. Msemo wa vijana unaovuma leo utakuwa umechakaa kabla mswada haujatoka kwa mpigachapa, na kijana humtambua haraka mtu mzima aliyeazima maneno yake. Masikio ya kijana yanataka mazungumzo yenye mwendo wa kweli: nani anamkatiza nani, nani anajibu kwa kunyamaza, nani anamwita nani "dada" ili ampoze.

Nina pendekezo moja kwa wachapishaji waliopo, na naomba tulijadili mchana. Mwaka 1998 kampuni ya Bloomsbury ya London ilianza kutoa Harry Potter katika matoleo mawili: moja lenye jalada la watoto, jingine lenye jalada la watu wazima, maandishi ya ndani yale yale. Sisi tuna riwaya za vijana ambazo watu wazima wamekwisha kuzipenda, lakini zinauzwa zikiwa na maandishi ya shule kwenye jalada na maswali ya marudio nyuma. Chukueni chache kati ya hizo. Ondoeni maswali na orodha ya msamiati. Wekeni jalada ambalo mfanyakazi wa benki hataona taabu kulishika ndani ya basi la Dar es Salaam kwenda Tanga, au Nairobi kwenda Kitale. Uzeni nakala hizo stendi na madukani, mbali na rafu ya vitabu vya shule, na mwandishi alipwe mrabaha wake kwa toleo hilo kama anavyolipwa kwa lile la darasani.