Boila la Kuni na Kanuni za Kulijenga kwa Usalama
(Hotuba ya Kamati ya Afya na Ujenzi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Oyugis)



Twashukuru kwa nafasi hii ya kueleza kazi tuliyoagizwa, yaani kutafuta njia nafuu ya kupata maji ya moto kwa nyumba ya wageni ya Chama. Boila moja limekwisha kujengwa kwa pipa kuukuu na vyuma chakavu, nalo lafanya kazi. Tangu lilipowashwa, wanachama wengi wametuuliza jinsi ya kujenga la namna hiyo nyumbani kwao. Ndiyo sababu twauomba Mkutano huu uzipitishe kanuni tutakazozitaja, kwa maana chombo hiki kikijengwa vizuri hupunguza mzigo wa kuni, na kikijengwa vibaya chaweza kuua.

Haja yenyewe yajulikana na kila mmoja wetu. Penye matanga, wageni hulala bomani siku kadhaa, na wazee waliotoka mbali huhitaji maji ya moto ya kuoga alfajiri. Sufuria kubwa hutelekwa juu ya mafiga matatu, kisha vijana wawili huibeba ikiwa inafuka mvuke, wakipita katikati ya watoto. Tena kuni nyingi hupotea. Kilo 1 ya kuni kavu ina joto ambalo, kama lisingepotea hata kidogo, lingetosha kupasha lita 90 hivi za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60. Lakini moto wa mafiga ulio wazi hupeleka chomboni kama sehemu moja tu kati ya nane za joto lake. Zilizobaki huchukuliwa na upepo. Kwa pipa la lita 200, hiyo ni kama kilo 18 za kuni. Moto ukifungiwa ndani ya tanuri lenye dohani hata robo ya joto ikaingia majini, kama kilo 9 zatosha. Nusu ya mzigo huo ni nusu ya safari za mama zetu.

Chombo hiki si kigeni katika nchi yetu. Walowezi wa mashambani walikiita "Tanganyika boiler": pipa nje ya bafu na moto chini yake. Kambi za watalii nchini Kenya hutumia vyombo vya jamii hiyo hata leo, na kule Namibia na Afrika Kusini huitwa "donkey", yaani punda.

Ujenzi wake ni huu. Kuta mbili za matofali hujengwa sambamba, na pipa hulazwa juu yake. Nyuma husimamishwa dohani, na mbele huachwa mlango wa kuni. Pipa hufunikwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi, ili joto lisitoroke usiku. Pipa dogo la maji baridi huwekwa juu zaidi kuliko lile kubwa, nalo laweza kujazwa kwa ndoo au kwa maji ya mvua kutoka paani. Bomba la maji baridi huingia chini ya pipa kubwa, na bomba la maji ya moto hutoka juu yake kwenda bafuni. Kwa kuwa maji ya moto ni mepesi na hupanda, yale baridi yaingiapo chini huyasukuma ya moto yatoke. Maji baridi yakiisha, bilula hukauka, lakini pipa lililo motoni hubaki limejaa.

Sasa twafika kwenye jambo kuu. Maji yakigeuka kuwa mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Pipa lililozibwa kila upande na kuwekwa motoni ni bomu. Kwa hiyo juu ya pipa lazima pawe na bomba la kupumulia, lipande wima hadi kupita usawa wa maji ya pipa dogo, na mdomo wake uwe wazi daima. Lisiwekwe bilula, wala vali, wala kizibo cha gunzi. Akitokea mtu wa kusema kwamba mvuke unapotea bure, ajibiwe kwamba mvuke huo ndio unaotoka badala ya pipa kupasuka.

Hatari ya pili huja kabla ya moto wa kwanza. Pipa lililokuwa na mafuta, hata likionekana tupu, hubaki na mvuke wa mafuta, na cheche ya fundi yaweza kulilipua. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, liachwe wazi, kisha lijazwe maji hadi karibu na mahali pa kukata. Pipa lililobeba dawa ya mimea au ya mifugo lisitumike kamwe, hata likioshwa mara saba. Rejeta ya gari nayo isitumike, kwa sababu viungo vyake huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu. Mabomba yenye zinki yakichomelewa hutoa moshi unaodhuru; fundi afanyie kazi mahali penye hewa.

Ya tatu ni asili ya chuma chenyewe. Biashara ya vyuma chakavu inaongozwa na sheria ya mwaka 2015, na mwaka 2022 Serikali iliisimamisha kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umma. Mwanachama anunue kwa mwenye leseni, naye adai risiti. Maji yaliyopashwa kwa bomba la wizi yatatuletea aibu sote.

Kuhusu kuni, ziwe kavu. Matawi ya mikalitusi yaliyopogolewa na magunzi ya mahindi yafaa sana. Plastiki isichomwe. Yafaa pia tuseme wazi, mbele ya wazee, kwamba boila halitakuwa nafuu kwa mama zetu ikiwa wanaume watapata maji zaidi ya kuoga na wanawake wakaachiwa kuzitafuta kuni hizo. Anayeoga na apasue kuni.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba Mkutano upitishe haya:

1. Kila boila la mwanachama likaguliwe na Kamati kabla ya kuwashwa mara ya kwanza, na lisilo na bomba la kupumulia lisiwashwe.
2. Moto usiwashwe kabla maji hayajaonekana yakitoka kwenye bilula.
3. Maji yake yawe ya kuoga na kufulia tu, si ya kunywa wala kupikia. Na yachanganywe na baridi kabla mtoto hajaguswa nayo, kwa kuwa maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache.
4. Kila atakayejenga apande miti ya kuni katika shamba lake.

Kinga ni bora kuliko tiba. Boila la Chama li wazi kwa kila anayetaka kulikagua, na mafundi wetu wako tayari kumwonyesha.