Akiondoka Mwenye Klabu



Hapa Gitega, si mbali na uwanja wa Nyamirambo, wapo wasemao kwamba kiongozi asiyependwa akiondoka, neema huingia klabuni. Tuitazame Rayon Sports, iliyoasisiwa Nyanza mwaka 1968. Haina tajiri aliyeinunua. Ni mali ya wanachama. Ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 2019. Septemba 2020, baada ya magomvi makali baina ya Rais Munyakazi Sadate na waliomtangulia, Bodi ya Utawala ya Rwanda iliiondoa kamati yake. Oktoba akachaguliwa Uwayezu Jean Fidèle.

Makelele yalipungua, ila madeni yalibaki, maana mdai huidai klabu, hadai sura ya mtu. Askari analijua hilo: kubadili kamanda hakujazi ghala la risasi.

Kombe la Amani lilipatikana mwaka 2023, tena kwa kuifunga APR, timu ya jeshi (wenzetu wa kambini watuwie radhi). Ubingwa wa ligi, la. APR iliutwaa kila msimu tangu 2020 hadi 2025. Naye Uwayezu alijiuzulu Septemba 2024. Novemba wanachama walikusanyika kumchagua mwingine.