TIBA YA VIUNGO: NI KAZI GANI, NA INATUFAA VIPI?

(Mazungumzo na wakazi na wageni wa Gitambi, wilaya ya Rusizi)



Watu wengi huuliza: huyu anayenyoosha watu miguu ni daktari, au ni mkandaji tu? Yeye ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Kwa Kinyarwanda kazi hii huitwa ubugororangingo. Ndugu zetu Wakongo humwita mtaalamu huyo kine, neno la Kifaransa. Hapasui mtu, na dawa yake kubwa si kidonge. Hupima nguvu za misuli na jinsi viungo vinavyokunjika, kisha humpangia mgonjwa mazoezi.

Kazi hii husomewa miaka kadhaa. Vyama vyake vya nchi mbalimbali viliungana mwaka 1951. Hapa Rwanda, padri Fraipont Ndagijimana alianzisha kituo cha Gatagara mwaka 1960 kwa ajili ya watoto walemavu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, watu wengi walibaki na majeraha na viungo vilivyokatwa. Chuo cha afya cha Kigali, kilichofunguliwa mwaka 1996, kilianza kufundisha wataalamu hawa nchini. Leo kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda.

Kwa nini tunalisema hapa? Kwa sababu nchi yetu ni milima. Asiyeweza kupanda kutoka bonde la Bugarama hafiki sokoni, shambani wala kwenye mgao wa chakula. Mguu uliokauka hufanya nyumba nzima iwe na njaa.

Basi tushike mambo manne:

1. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda ndani apelekwe kituo cha afya mapema, katika wiki zake za kwanza. Hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kisha huvaa viatu maalumu vyenye kipande cha chuma, hasa usiku, kwa miaka kadhaa. Msiviache mkiona mguu umenyooka, kwani hupinda tena.

2. Aliyevunjika na kufungwa plasta achezeshe vidole kila siku. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, rudini hospitali saa hiyo hiyo. Msifunge vijiti kwa kukaza sana: damu ikizuiwa, mkono huoza.

3. Aliyepooza upande mmoja ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Mkono na mguu wake vikunjwe na kunyooshwa taratibu. Msimvute kwa mkono uliolegea, bega huteguka.

4. Aliyekatwa mguu chini ya goti asiwekewe mto chini ya goti. Likizoea kukunjika, mguu wa bandia hautamfaa.

Ndugu zangu, mtaalamu humwona mgonjwa saa moja tu. Saa zinazobaki yuko nanyi nyumbani. Mama, dada, jirani, ninyi ndio wasaidizi wake. Mazoezi ya siku moja hayafai kitu. Ya kila siku humsimamisha mtu. Haba na haba hujaza kibaba.

Msimfiche mlemavu ndani. Mleteni.