Mfadhili wa Swali: Frederick Seitz na Fedha za Sigara



Mwenzangu mmoja wa idara ya uchumi, ambaye namwona ameketi safu ya pili, amenieleza kwa miaka mingi kwamba hoja haina baba. Ikiwa sahihi ni sahihi tu, aliyeilipia awe kiwanda, serikali au shetani. Kumuuliza msomi wa taasisi ya sera mshahara wake unatoka wapi, anasema, ni kuikwepa hoja na kumrukia mtu. Maneno haya ni matamu, na vijana wetu wameyameza. Jioni hii nataka wayatapike.

Mfano anaoupenda ni wa Frederick Seitz, na hapo ndipo aliponipa rungu. Wasifu wa Seitz mnaujua: mwanafizikia, rais wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani tangu 1962 hadi 1969, kisha rais wa Chuo Kikuu cha Rockefeller hadi 1978. Mwaka 1979 akaanza kusimamia mpango wa utafiti wa tiba wa kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds, dola milioni 45 kwa miaka sita. Mwaka 1984, pamoja na Robert Jastrow na William Nierenberg, akaanzisha Taasisi ya George C. Marshall, kwanza kutetea kinga ya makombora ya Rais Reagan, baadaye kuwapinga wanasayansi wa tabianchi.

Mwenzangu husema: fedha hizo hizo zilimfadhili Stanley Prusiner, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Uchafu uko wapi?

Haupo katika maabara ya Prusiner. Hakudanganya, wala hakuna aliyemwomba adanganye. Mpango ulihusu magonjwa ya kuchakaa kwa mwili, jambo lenye manufaa kwa kila mtu. Lakini mwaka ule ule wa 1979 Colin Stokes, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni, aliwaeleza washauri wake wa kimataifa kwamba utafiti huo ungesaidia kupata ushahidi wa kujitetea dhidi ya mashtaka juu ya sigara. Kampuni haikununua jibu. Ilichagua swali, ikamwachia msomi uhuru wote wa kulijibu. Seitz mwenyewe, alipohojiwa uzeeni, alisema haoni tatizo la kimaadili katika fedha zile, kwa kuwa waliachiwa wazitumie watakavyo. Namwamini kabisa. Uhuru huo ndio uliomfanya awe wa thamani.

Nguvu hii ya kuchagua swali naijua tangu utotoni, maana mimi nimekulia Urambo. Baba alikausha tumbaku, na usiku tulichochea kuni za bani, yaani banda la kukaushia majani, kwa zamu. Maofisa ugani walikuja na vipimajoto, wakatufundisha nafasi kati ya mche na mche, rangi ya jani, daraja la jani. Kila walichosema kilikuwa kweli. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza kwa nini watoto tuliobeba majani yenye umande tulishinda tukitapika. Leo kila daktari anajua kwamba nikotini hupenya ngozi iliyolowa. Halikuwa fumbo gumu. Hapakuwa na aliyelipwa kuliuliza.

Sasa niruhusuni nikae kidogo na chanzo nikipendacho kuliko vyote, hata mwenyekiti akitazama saa. Viwanda vya sigara vya Marekani viliburutwa mahakamani, na mwaka 1998 vikakubaliana na majimbo 46. Nyaraka zao za ndani zikafunguliwa. Leo mamilioni ya kurasa yamehifadhiwa na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma. Kila ukurasa umegongwa namba pembeni na wanasheria. Humo, katika barua ya Agosti 1989, ofisa wa Philip Morris, kampuni nyingine ya sigara, anamwarifu mkuu wake kwamba Dk. Seitz amezeeka na akili yake haitoshi tena kutoa ushauri. Watetezi wake huipenda barua hii: mnaona, viwanda vyenyewe vilishamtupa! Mimi naisoma vingine. Miaka saba baadaye, Juni 1996, gazeti la Wall Street Journal lilichapa makala ya mzee huyo huyo akiwashutumu waandishi wa ripoti ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, hasa Benjamin Santer, kwamba wameipotosha. Ushauri wake ulikuwa hauna soko tena, lakini cheo chake cha zamani kiliendelea kuuzika. Mwaka 1998 alipotia saini barua ya kusindikiza ombi la kupinga Mkataba wa Kyoto wa kupunguza gesi joto, likiwa na makala iliyopangwa ifanane na jarida la Akademia, Akademia yenyewe ilitoka hadharani kujitenga.

Watasema aliamini alichosema. Naomi Oreskes na Erik Conway, katika kitabu chao cha 2010, wanaonyesha kwamba chuki yake kwa ukomunisti na mashaka juu ya udhibiti wa serikali vilikuwa vya dhati. Nakubali, na nimelipima jambo hili kwa haki. Lakini mfadhili mwerevu hasumbuki kununua imani; humtafuta aliye nayo tayari, akamjengea jukwaa. Ndiyo maana siridhiki na ile sentensi moja ya kutaja wafadhili mwishoni mwa ripoti. Msomi wa sera asomwe kupitia barua zake kwanza, vitabu baadaye. Kenya imeliona hili: kanuni za tumbaku za 2014 ziliweka masharti hata juu ya mawasiliano ya watumishi wa umma na kampuni, kampuni ya sigara ya BAT ikazipinga hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa mwaka 2019.

Kwa hiyo naliomba Baraza la Chuo hiki, mbele ya mashahidi wote hawa: kila mkataba wa utafiti tunaotia saini na kampuni, pamoja na barua zilizoutangulia, uwekwe maktaba, mwanafunzi yeyote auombe na kuusoma. Tuanze na mikataba ya idara yangu.