Mesaji Isiyo na Mwenyewe

Hotuba kwa familia zilizokimbia vita na viongozi wao, Bukavu, Kivu Kusini

Nimeombwa niseme juu ya simu na amani. Habari za uongo mmeonywa mara nyingi. Leo nitasema juu ya maneno ya kweli ambayo, yakiingia katika simu, yanageuka maana. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunaandikisha familia zilizohitaji chakula katika kijiji kimoja cha Kalehe. Jioni moja nilimwandikia kiongozi wao mesaji fupi: «Wanakuja kesho asubuhi. Mjitayarishe.» Nilimaanisha wenzangu wa kuandika majina. Yeye alinielewa, kwa kuwa tulizungumza mchana. Akaituma kwa watu watatu, nao wakaituma kwa wengine. Kufika saa nne ya usiku, akina mama walikuwa wanafunga mikeka na sufuria, watoto mgongoni, wanaelekea msituni. Asubuhi wenzangu walikuta nyumba tupu. Familia nyingi zilikosa kadi ya chakula. Mzee mmoja aliteleza gizani akavunjika mguu. Wala hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alituma maneno yangu yale yale, bila kuongeza hata moja.

Tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili, «wanakuja» ni neno moja lakini linasimama kama sentensi nzima. Ni nani hao? Ile «wa» ya mwanzo haisemi. Tukiongea uso kwa uso hakuna shida: unaniona, unajua kazi yangu, unakumbuka tuliyosema jana. Mtu wa nne anayesoma katika simu hana hayo yote. Anajaza mwenyewe pale palipo wazi. Na mtu aliyekwisha kukimbia mara tatu atajaza nini? Atajaza watu wenye bunduki. Hakusoma vibaya. Alisoma kwa maisha yake.

Neno «kesho» nalo linatembea: likisomwa baada ya siku mbili, limekuwa kesho nyingine. «Hapa» ya aliyeandika akiwa Minova si «hapa» ya anayesoma akiwa Kadutu. «Sasa» ndilo linaloumiza zaidi. Mnakumbuka mwezi wa 2 mwaka 2025, kundi la M23 lilipoukaribia mji wa Bukavu na kisha kuingia. «Sasa wamefika», «sasa barabara imefungwa». Ilikuwa sasa ya saa ngapi? Iliyoandikwa alfajiri ilisomwa jioni, na mzazi akaamua kwa neno hilo kuondoka na watoto au kubaki.

Zamani tulikuwa na Radio Trottoir, habari za mdomo kwa mdomo. Nayo ilidanganya sana. Lakini mleta habari alisimama mbele yako, ukaweza kumwuliza: umeona, au umesikia? Simu imemwondoa mtu huyo. Tangu mwaka 2018, WhatsApp huweka alama juu ya mesaji iliyotumwa tena. Kwenye simu ya Kifaransa inasomeka «Transféré». Inakuambia kwamba aliyekutumia siye aliyeandika. Haikuambii ni nani aliyeandika, wala lini. Sauti iliyorekodiwa ni hivyo hivyo. Tunaiamini kwa sababu tunasikia mtu analia, lakini kilio hakina tarehe.

Kuna maneno mengine yanayogeuka polepole. Kwa jirani zetu Wakenya, «madoadoa» ni alama ndogo ndogo, kama za ng'ombe. Katika siasa za Bonde la Ufa neno hilo lilifanywa jina la watu wanaohesabiwa kuwa wageni, wa kuondolewa. Baada ya uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini humo. Mwezi wa 1 mwaka 2022 mwanasiasa mmoja alilitamka Eldoret, video ikaenea, akakamatwa. Mwaka huo huo Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Asiyejua historia aliona neno la kawaida. Aliyewahi kuchomewa nyumba alisikia kitu kingine.

Nasi tuna maneno yetu. Kwenye harusi, «mgeni» ni neno la heshima. Katika mesaji isiyo na jina, inayosema juu ya shamba, linaweza kuwa amri ya kumfukuza jirani.

Viongozi, ninawaomba mambo matatu.

Kwanza, ukiandika, taja nani, siku gani na tarehe gani, na mahali gani. Mesaji yangu ilipaswa kusema: «Jumanne tarehe 12, saa mbili asubuhi, waandikishaji wa chakula watafika kwenye shule.» Ikiwa kutaja jina kunaweza kumletea mtu hatari, usiandike, nenda ukaseme kwa mdomo.

Pili, ukipokea «wale», «leo» au «hapa» bila mwenyewe, mpigie aliyekutumia kabla ya kuituma mbele. Simu inakula unite, lakini usiku mmoja msituni unakula zaidi. Ukisikia risasi kwa masikio yako, usingoje kuuliza, okoa watu.

Tatu, vijana, mnaposomea bibi na babu na kuwageuzia maneno kwa Mashi au Kihavu, anzeni kwa kusema nani aliandika na lini. Ikiwa hamjui, waambieni kwamba hamjui.

Nilirudi kijijini kuomba msamaha. Mama mmoja aliniuliza: «Mwanangu, kwa nini hukuandika kwamba ni nyinyi?» Sikuwa na jibu. Tangu siku ile, kila mesaji ninaisoma kwanza kama vile ninaisoma usiku, ndani ya nyumba yake.

Amani iwe nasi.