Ufunguo wa Kabati: Kujisomea Tehama Nyumbani Kwetu

Tumepewa dakika kumi, na sisi wahasibu hatupendi kuvuka bajeti, kwa hiyo tunaingia moja kwa moja kwenye hoja.

Kila mwaka, Bodi ya Mikopo inapofungua dirisha la maombi, simu zetu hazipoi. Wanaopiga ni watoto wa kaka na dada zetu waliomaliza kidato cha sita. Hawaulizi fizikia wala historia. Wanauliza namna ya kupunguza picha ili mfumo uipokee, au namna ya kuipata barua pepe waliyofunguliwa na mtu wa steshenari. Walimlipa awajazie fomu, akaweka neno la siri analolijua yeye. Siku ya kurekebisha kosa, hapatikani. Kijana amefaulu darasani, anakwama kwenye barua pepe.

Akitaka kazi serikalini, maombi yanapita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Kikundi chake kikitaka zabuni, sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana na wanawake, lakini tangu 2023 mlango wa kuingilia ni mfumo wa NeST. Pale Sirari mzigo hautoki mpaka karatasi zake zipite kwenye kompyuta. Haki ipo, nafasi ipo, lakini asiyejua mfumo anabaki nje.

Wala msidhani sisi tulizaliwa tunajua. Tulipomaliza chuo kikuu, wengi wetu tulikuwa tumefanya mtihani wa uhasibu kwa kalamu na kikokotoo. Mwaka 2010 zikaja mashine za EFD. Baadaye zikaja namba za kumbukumbu za malipo na ritani za kodi mtandaoni. Hakuna aliyeturudisha chuoni. Tulijifunza usiku, watoto wakiwa wamelala, kwa video za bure na kwa kukosea. Tuna shahada, lakini tunachokitumia kila siku kazini tulijifundisha wenyewe.

Yako wapi masomo hayo? Anayeanza kabisa aende GCFGlobal: kuna masomo ya bure ya kuandika barua, kutumia jedwali la hesabu na kufungua barua pepe. Anayetaka hisabati na misingi ya kompyuta aende Khan Academy. Aliyeianzisha, Salman Khan, mwaka 2004 alikuwa anamfundisha binamu yake hesabu kwa mbali, kila mmoja akiwa mji wake. Alianza kama shangazi na mjomba yeyote aliyemo humu ukumbini. Anayetaka kuandika programu yupo freeCodeCamp, iliyoanza 2014, inayotoa mafunzo na vyeti bila ada. Aliye imara zaidi ajaribu CS50, somo la Chuo Kikuu cha Harvard ambalo mihadhara na mazoezi yake viko wazi kwa kila mtu. Na kwa wanafunzi wetu, Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada.

Tunatoa tahadhari mbili. Kwanza, mengi kati ya hayo yako kwa Kiingereza, hivyo kijana asome na mwenzake, mmoja akisimama mwingine amvute. Pili, asikimbilie kulipia cheti. Ajifunze kwanza, cheti kitafuata.

Mtu atasema hayo ni ya watu wa Dar es Salaam. Hapana, ushahidi uko Mugumu. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map. Watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walichora barabara na nyumba za vijijini kwetu kwenye OpenStreetMap, wakitazama picha za setilaiti. Lakini mtu aliyeko Ulaya hajui kitongoji kinaitwaje. Majina yaliongezwa na watu wa huku huku, kwa simu zao, na ramani hizo zimemsaidia mama yetu Rhobi Samwelly na wenzake wa Hope for Girls and Women kuwafikia mabinti wanaokimbia kukeketwa. Walioongeza majina yale hawakuwa wahandisi. Walifundishwa, wakafanya, wakawafundisha wengine.

Sasa tuzungumze fedha. Kikwazo kikubwa ni bando, kwa kuwa video moja inaweza kumaliza hela ya siku nzima ya mboga. Ndiyo maana tunapendekeza Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa kwa sehemu zisizo na intaneti. Masomo yanapakuliwa mara moja hapa mjini na kuwekwa kwenye kompyuta moja ndogo. Huko nyumbani, simu na kompyuta nyingine zinaunganishwa nayo bila waya na bila bando. Kwa lugha yetu ya uhasibu: tunalipa gharama ya kununua, tunaifuta karibu yote gharama ya kuendesha.

Lakini lazima tukiri jambo. Miaka iliyopita tulichangia kompyuta kwa shule moja, jina tunaliacha. Tulipiga picha, tukala, tukaondoka. Mwaka uliofuata tulizikuta kabatini, zimefunikwa kitambaa, na ufunguo alikuwa nao mwalimu aliyekuwa amehamishwa. Hatumlaumu mwalimu. Sisi tulinunua mashine, hatukupanga nani atafungua mlango.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba michango kwa masharti. Tuanze na vituo viwili tu, kimoja Tarime na kimoja Serengeti. Kila kituo kiwe na kompyuta mpakato kumi, seva ya Kolibri, sola, na kijana mmoja wa hapo anayelipwa posho afungue jioni na Jumamosi. Funguo ziwe tatu: ya kijana, ya mwalimu, na ya mama mmoja wa kikoba. Mabinti wawe na siku zao, maana tunajua nani huambulia kiti cha mwisho. Taarifa ya mapato na matumizi tutaileta hapa mwakani, ikiwa na risiti, nanyi mtuulize.

Asiye na fedha atoe kompyuta anayotaka kuibadilisha. Asiye na kompyuta atoe saa moja kwa wiki, apokee simu ya mtoto mmoja wa nyumbani na kumwelekeza mpaka ajaze fomu yake mwenyewe, kwa neno la siri lake mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, sisi wahasibu tumeshaandika ahadi yetu kwenye daftari, ukurasa wa kwanza. Kalamu tumeiacha juu ya meza.