HOTUBA YA TAWI: KIBARUA KISIOTE NYASI KIMYAKIMYA

Ndugu wanachama na wafanyakazi wa Kilosa na Mikumi,

Mwaka 2020 korona ilishusha idadi ya watalii nchini kutoka zaidi ya milioni 1.5 hadi takriban 620,000. Sisi wa Mikumi tunajua maana yake: hoteli ikikosa wageni, nyumbani unga unakosekana.

Biashara ikiyumba, mwajiri anaweza kupunguza watu, lakini si kwa kuambiwa getini "kesho usije". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi kwanza. Aliyetimiza mwaka kazini ana kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10. Mchangiaji wa NSSF aulizie pia fao la kukosa ajira.

Hatukubali mpishi, mhudumu na mkata miwa wabebe peke yao mzigo wa hali mbaya.

Ukiletewa karatasi, usisaini papo hapo. Ilete tawini tuisome pamoja. Ukiachishwa kwa uonevu, nenda CMA Morogoro ndani ya siku 30.

Mtumie mwenzako wa zamu.

Mshikamano daima!
Ofisi ya Tawi